Mgeni wa Nairobi na asome majina ya mitaa

Mwezi uliopita nilimpokea mgeni kutoka Dar es Salaam, mwalimu mwenzangu wa Kiswahili aliyekuja kwa kongamano la siku tatu kisha akaomba siku mbili zaidi za kuzuru jiji. Alikuwa na kijitabu cha wageni, kama vile vya bure vinavyowekwa kwenye meza za mapokezi hotelini. Tulipoketi kunywa chai alikifungua ukurasa wa katikati wenye ramani, akakisukuma kwangu.

"Ndugu yangu, hivi Nairobi yenu ina upande mmoja tu?"

Nikaitazama. Magharibi ilijaa tele: Karen, Lavington, Kilimani, Westlands, na kwa juu Muthaiga, Runda na Gigiri. Kila jina lilikuwa na alama ya mkahawa au duka kubwa, na kando yake muda wa kufika huko kwa gari. Katikati kulikuwa na barabara za jiji zenye majina ya viongozi. Halafu, ukishavuka Barabara ya Tom Mboya, ramani ilinyamaza kimya. Mahali ambapo pangekuwa Pumwani, Kaloleni, Jericho na Buruburu palikuwa na tangazo la kampuni ya kukodisha magari.

Jina moja tu lilikuwa limeponea ukingoni mwa tangazo hilo: Kariokor. Mgeni wangu aliliwekea kidole. "Hii ndiyo Kariakoo?"

Ndiyo hiyo hiyo, nikamjibu. Tukaanza mazungumzo ambayo hayakuisha hadi alipoondoka, nami nimeona niwaandalie wasomaji sehemu yake, maana wengi wetu tunaishi humu Nairobi miaka nenda miaka rudi tukiyataja majina haya kwa makondakta bila kuyauliza yalitoka wapi.

Tuanze na hilo la Kariokor. Katika Vita vya Kwanza vya Dunia, kati ya 1914 na 1918, Waingereza waliwasomba Waafrika kwa mamia ya maelfu kuwa wapagazi wa jeshi lililopambana na Wajerumani katika nchi ambayo leo ni Tanzania. Kikosi hicho kiliitwa kwa Kiingereza Carrier Corps. Makumi ya maelfu ya wapagazi hao walikufa, na wengi wao hawakuuawa na risasi bali na maradhi, njaa na uchovu. Mahali walipokusanywa na kupigishwa kambi pakaitwa kwa jina la kikosi, kama lilivyotamkika kinywani mwa aliyelisikia. Dar es Salaam ina Kariakoo yake, nasi tuna yetu.

Ila tazama tahajia. Watu wa Dar waliliandika jina kama wanavyolitamka, likawa neno la Kiswahili lisilodaiwa kitu na mtu. La Nairobi liliandikwa na karani aliyekuwa na sikio la Kiingereza, akaliwekea "r" mwishoni, herufi ambayo hakuna mkazi hata mmoja anayeitamka. Ni jina lile lile na msiba ule ule. Hili ndilo jambo nililotaka mgeni wangu alione tangu mwanzo, kwamba mitaa ya Nairobi ilipewa majina na watu wawili tofauti, mwenye kalamu na mwenye mdomo, na kwamba mara nyingi ukijua ni nani kati yao aliyelitoa jina, utajua pia mtaa ulijengewa nani.

Jiji lenyewe halikupangwa kuwa jiji. Jina Nairobi lina asili ya Kimaasai na linahusu maji baridi. Reli kutoka Mombasa ilifika hapa mwezi wa Mei mwaka 1899, na wahandisi wakapachagua kwa sababu palikuwa tambarare pa mwisho kabla ya kuanza kupanda milima. Upande wa mashariki ulikuwa uwanda wa udongo mweusi unaonata na kutuamisha maji. Upande wa magharibi kulikuwa na miinuko yenye udongo mwekundu, hewa ya ubaridi na miti. Maofisa wa reli walijenga kilimani. Vibarua wakajengewa bondeni, karibu na karakana, katika safu za vyumba zilizoitwa landhi. Neno hilo lingalipo katika jina la Barabara ya Landhies, ambapo limevishwa wingi wa Kiingereza, na katika Landi Mawe, ambapo halikuvishwa chochote.

Mwaka 1902 kulizuka tauni, na soko la Wahindi likachomwa moto kwa amri ya wakuu. Mwaka 1913 akaletwa mtaalamu wa afya kutoka Uingereza, Profesa W. J. Simpson, naye akapendekeza kwamba watu wa rangi mbalimbali watengwe makazi yao ili maradhi yasienee. Sijui kama kuna neno lililowahi kubebeshwa mzigo usio wake kuliko neno "afya" katika historia ya jiji hili. Kwa jina la afya, Mzungu alibaki kwenye miinuko ya magharibi na kaskazini. Mhindi akapewa nafasi ya katikati, Ngara na baadaye Parklands na Pangani, pamoja na Eastleigh ambayo sisi huiita Islii. Mwafrika akasukumwa mashariki, kwenye udongo mweusi. Tena hakuhesabiwa kuwa mkazi. Alikuwa mfanyakazi wa muda mwenye kipande shingoni, ambaye nyumbani kwake ni rizavu na ambaye mjini alistahili nafasi ya kitanda tu.

Basi siku ya kwanza tuliingia kwenye gari tukaelekea magharibi, maana huko hakuzuriki bila gari. Huo si utani. Viwanja vya huko vilipimwa kwa ekari, na barabara zikachorwa kwa kudhani kwamba kila mwenye nyumba ana chombo cha kumfikisha mjini, kwanza farasi na kigari cha kukokotwa, kisha motokaa. Hata barabara ya leo ya Kenyatta, ambayo zamani iliitwa Delamere, inasimuliwa kuwa iliachwa pana hivyo ili mkokoteni wa ng'ombe wengi uweze kugeuka. Waliofanya kazi katika nyumba za magharibi, yaani mpishi, yaya, mtunza bustani na bawabu, hawakukadiriwa katika michoro hiyo. Ndiyo sababu hadi leo barabara nyingi za maeneo hayo hazina njia ya kupitia wenda kwa miguu. Kuna lami, kuna mtaro, kuna ua wa michongoma, na katikati ya mtaro na ua kuna ujia wa vumbi uliochimbwa na nyayo.

Mgeni wangu, mtu wa lugha, hakukubali kirahisi kwamba magharibi ni kwa Mzungu na mashariki ni kwa Mswahili. "Mbona hapa pameandikwa Kilimani?" akaniuliza tulipokuwa tumekwama kwenye msongamano. Ana haki. Kilimani ni Kiswahili safi chenye kiambishi chake cha mahali. Kileleshwa nayo inatokana na leleshwa, kichaka chenye harufu nzuri ambacho Wamaasai wanakijua sana. Muthaiga ni jina la Kikuyu linalohusishwa na dawa, hata kama klabu iliyofunguliwa hapo mkesha wa mwaka 1914 haikuwa na nafasi kwa Mkikuyu isipokuwa amebeba sinia. Majina ya magharibi si ya Kiingereza yote. Lakini angalia ni majina ya aina gani: mlima, kichaka, mti. Ni majina ya ardhi kabla ya watu. Walowezi waliyachukua kama walivyochukua mandhari. Kileleshwa palikuwa hata na kijiji cha Waafrika, nacho kikaondolewa katika miaka ya 1920, kichaka kikabaki na jina.

Karen tulifika alasiri. Hapa pana ubishi ambao waelekezi wa wageni huupitia haraka haraka. Wengi husema mtaa umepewa jina la Karen Blixen, mwandishi wa Denmark aliyekuwa na shamba la kahawa chini ya vilima vya Ngong. Naye mwenyewe aliandika hivyo. Wengine hukumbusha kwamba shamba lilikuwa la kampuni iliyoitwa Karen Coffee, na kwamba kampuni ilipata jina kutoka kwa Karen mwingine, binti wa jamaa yake aliyekuwa mwenyekiti. Kampuni ilipofilisika, shamba likauzwa mwaka 1931 kwa mfanyabiashara aliyelikatakata kuwa viwanja vya makazi. Kwangu mimi huo ubishi una utamu wake, lakini si mkubwa. Awe Karen huyu au yule, jina lilitoka kwenye hati ya kampuni, na waliolima kahawa hiyo hawakuachiwa hata kichochoro.

Siku ya pili niliegesha gari nyumbani.

"Tunakwendaje?" akauliza.

"Kwa miguu. Huko tuendako ndivyo palivyojengwa."

Tulishuka Barabara ya Haile Selassie, tukashika Landhies, tukapita Muthurwa palipokuwa na landhi za wafanyakazi wa reli. Kutoka hapo, mtu mwenye miguu mizima anaweza kuizuru nusu ya historia ya Kenya kabla ya chakula cha mchana. Mitaa inafuatana kama kurasa. Umbali kati ya mmoja na mwingine ni wa mtu aliyekuwa akitembea kwenda kazini alfajiri, kuvuka reli kuingia Eneo la Viwanda, na kurudi jioni. Hakuna aliyefikiria kwamba angewahi kuwa na gari, kwa hiyo hapakuwekwa mahali pa kuliegesha. Ukipita leo utaona magari yamejazana penye nyasi, mbele ya milango, hata kwenye viwanja vya watoto, kwa sababu wajukuu wa wenda kwa miguu wamenunua magari na nyumba zikabaki zile zile.

Pumwani ndiyo kongwe kati ya mitaa hii. Iliwekwa rasmi mwanzoni mwa miaka ya 1920 kuwa lokesheni ya Waafrika, ili vijiji vyao vilivyotawanyika huku na huku vivunjwe na watu wakusanywe mahali pamoja. Kusanya majina ya vijiji hivyo na utashangaa: Pangani, Mombasa, Maskini, Kaburini. Pangani na Mombasa ni majina ya pwani, yaliyoletwa na watu wa misafara na watumishi wa reli waliohamia bara pamoja na dini yao, mapishi yao na lugha yao. Kaburini palikuwa karibu na makaburi. Maskini hapahitaji maelezo. Kabla Nairobi haijawa na mipango ya Waafrika, Waafrika walikuwa wameshajitengenezea mji wa Kiswahili, wenye misikiti, maduka ya chai na nyumba za vyumba vya kupangisha. Wanawake wengi walikuwa wenye nyumba hizo kwa jina lao wenyewe, jambo ambalo serikali haikulipenda hata kidogo.

Jina Pumwani huelezwa na wengi kuwa mahali pa kupumua, pa kupumzikia. Pwani pia kuna Pumwani, kwa hiyo sitashangaa kama nalo lilisafiri. Wakazi wenyewe huitumia zaidi Majengo, neno ambalo utalikuta karibu kila mji wa Afrika Mashariki mahali ambapo watu waliruhusiwa kujijengea.

Na hiyo ruhusa ndiyo kiini cha jambo. Pangani ya zamani ndiyo iliyosalia mwisho. Mwishoni mwa miaka ya 1930 ikabomolewa. Ardhi yake ikatengewa nyumba za Wahindi, ambao nao walilihifadhi jina bila kuwahifadhi waliolitoa. Wakazi wakapelekwa kwenye mtaa mpya uliojengwa na manispaa kando ya Pumwani. Huko hapakuwa na ruhusa ya kujijengea. Aliyekuwa na nyumba Pangani akawa mpangaji wa baraza la mji. Wazee wa mtaa husimulia kwamba watu walipouliza ni lazima wahamie huko, waliambiwa hiyo ni hiari yao, kila mtu ashauriane na moyo wake. Hivyo mtaa ukaitwa Shauri Moyo.

Tulisimama hapo muda mrefu, mgeni wangu akilirudia jina kama mtu anayeonja kitu. Kisarufi ni ajabu. Tungetarajia "shauri la moyo". Kiunganishi kimedondoka, na kilipodondoka maana ikageuka. Si tena shauri lililotolewa na moyo, bali ni kama watu wawili wameachwa chumbani, Shauri na Moyo, waamue wenyewe. Serikali ilidhani imetoa mtaa, na watu wakatoa jina. Katika kumbukumbu za manispaa utapata idadi ya vyumba na kodi kwa mwezi, lakini uchungu wa waliohamishwa umehifadhiwa katika maneno mawili ambayo kondakta huyapaza kila asubuhi bila kujua.

Kuna majina mengine yenye tabia hiyo, na mengine yenye tabia ya kinyume. Starehe, Bahati na Maringo yananukia matumaini, na sina hakika kama aliyeyatoa alikuwa akitabasamu au akikejeli, hasa kwa Bahati. Aprili 1954, wakati wa Hali ya Hatari, jeshi liliizingira Nairobi katika operesheni iliyoitwa Anvil, mitaa hii ikapekuliwa nyumba kwa nyumba, na maelfu kwa maelfu ya Wakikuyu, Waembu na Wameru wakapakiwa kwenye malori kupelekwa kambini. Kaloleni, mtaa wa jina la pwani tena, ulijengwa katika miaka ya 1940 kwa mtindo wa bustani, nyumba ndogo za mawe zikizunguka uwanja na ukumbi. Ndani ya ukumbi huo wanasiasa na viongozi wa vyama vya wafanyakazi walihutubu hadi watu wakauona kama bunge lao kabla ya bunge.

Kutoka Kaloleni, mwendo mfupi tu, tukafika Mbotela. Hapa ndipo nilipokuwa nimemwekea mgeni wangu zawadi.

"Hili unalifahamu," nikamwambia.

Alifikiri kidogo. "Uhuru wa Watumwa?"

Naam. James Juma Mbotela wa Freretown, Mombasa, ndiye aliyeandika kitabu hicho kilichochapishwa mwaka 1934, kuhusu watumwa waliookolewa baharini na kulelewa na wamishenari. Kilisomwa shuleni kwa miaka mingi, na wanafasihi bado wanakibishania, kwa sababu kinamsifu mkombozi Mwingereza kuliko inavyostahimilika. Mtaa huu hata hivyo haukuitwa kwa ajili ya mwandishi. Ulipewa jina la mwanawe, Tom Mbotela, makamu wa rais wa chama cha KAU, aliyeuawa Novemba 1952, majuma machache baada ya Hali ya Hatari kutangazwa. Mwaka uliofuata akauawa diwani Ambrose Ofafa, na jina lake likawekwa kwenye mitaa ya jirani, Ofafa Jericho, Ofafa Maringo na mingineyo. Serikali ya kikoloni iliwalaumu Mau Mau kwa mauaji yote mawili. Ilipojenga nyumba mpya za Waafrika katika miaka ya 1950, ikaona haya ndiyo majina ya kuandika kwenye kibao: ya watu wenye msimamo wa wastani, waliouawa.

Kwa hiyo hapa mwenye kalamu alikuwa anafundisha somo. Ukitembea nusu saa au zaidi kidogo kurudi katikati ya jiji utaikuta barabara ya Dedan Kimathi pamoja na sanamu yake iliyozinduliwa Februari 2007. Jiji limewabakiza wote, Mbotela mashariki na Kimathi mjini, na hakuna kibao kinachowaeleza wapitao jinsi majina haya mawili yanavyotazamana. Ninavyoona mimi, hakuna la kufutwa hapo. La ajabu ni kwamba ofisi nzima ya watu hukaa miaka Ofafa isijue Ofafa alikuwa mtu.

Uhuru ulipokuja, kalamu ilibadilisha mkono. Barabara kuu ya kuelekea mitaa hii ilikuwa ikiitwa Doonholm, kwa jina la shamba la mlowezi. Ikageuzwa Jogoo, alama ya chama cha KANU. Mtaa mpya ukaitwa Uhuru, na baadaye mwingine Umoja. Jina la shamba nalo halikufa: lilisogea mbele kidogo likawa mtaa wa Donholm, likipoteza "o" moja njiani. Mwaka huo huo wa 1963 mipaka ya jiji ilivutwa hadi karibu kilomita mraba 700, ikameza mashamba, mbuga na vijiji. Sensa ya 1948 ilikuwa imehesabu watu wasiotimia 120,000. Ya mwaka 2019 ilihesabu zaidi ya milioni 4.3. Hao wote wamejengwa juu ya mchoro wa mji wa watu wachache wenye magari.

Jiji lilipotanuka, miguu haikutosha tena. Buruburu ya miaka ya 1970 ilijengwa kwa wafanyakazi wenye mishahara mizuri, wengine wakiwa na gari la kwanza katika ukoo. Dandora na Kayole zikawa mbali zaidi, na waliohamia huko hawakuwa na gari wala tumaini la gari. Pengo hilo likazibwa na matatu. Tunajua jina lilivyopatikana, nauli ya sarafu tatu za senti kumi. Yalikuwa magari ya wizi-wizi hadi mwaka 1973 Rais Kenyatta aliporuhusu yabebe abiria bila leseni ya mabasi. Ukiniuliza mimi, hicho ndicho chombo pekee cha usafiri Nairobi ambacho watu wa mashariki walijibunia, kikapata jina kwao, na baadaye magharibi ikalazimika kukipanda.

Nimeiruka Kibera, na mgeni wangu hakuniruhusu kuiruka. Ipo kusini magharibi, imeshikana ukuta na uwanja wa gofu, kwa hiyo inaharibu ule mgawanyo wangu wa pande mbili. Jina ni la Kinubi, kibra, msitu. Wanajeshi wa asili ya Sudan waliolitumikia jeshi la Mwingereza walikaliswa hapo mwanzoni mwa karne iliyopita, wakatumia miongo kadhaa kudai hati ya ardhi waliyopewa kwa mdomo. Wenyewe bado hutamka Kibra, na eneo bunge limerudishiwa tahajia hiyo. Mambo ya Kibera yanataka makala yake.

Leo kalamu imeshikwa na mtu wa tatu, mwuza nyumba. Jiji limevuka mipaka ya kaunti, likamwagikia Rongai, Kitengela, Ruaka, Ruiru na Syokimau. Vijana huiita Rongai "Diaspora", kwa jinsi ilivyo mbali na tao. Syokimau ni jina la nabii wa Wakamba ambaye, kwa masimulizi yao, aliona kabla ya wakati nyoka mrefu akija kutoka baharini. Nyoka alikuja, ni reli, na leo mtaa wenye jina la mama huyo una kituo cha treni. Lakini tazama vibao vya nyumba zinazojengwa humo: Gardens, Heights, Villas, Court. Hakuna nabii hapo. Hakuna hata kichaka. Na katika mitaa mikongwe ya kaunti kuna mipango ya kubomoa zile nyumba za mawe ili maghorofa yapande. Sipingi. Vyoo vya pamoja vya miaka ya 1940 si urithi ambao mtu angependa kumwachia mwanawe, na wanaoimba uzuri wa nyumba hizo mara nyingi hawalali humo. Ninachouliza ni kibao kitakachosimama langoni maghorofa yakikamilika kitaandikwa nini, na ni nani atakayeulizwa. Wakazi wa Pangani ya kwanza walipoteza nyumba lakini wakaondoka na uwezo wa kuuita mtaa mpya jina walilotaka. Hawa wa sasa sijui kama watabakiziwa hilo.

Asubuhi ya kuondoka nilimpeleka mgeni wangu uwanja wa ndege kupitia ile barabara ya juu, inayotoka Westlands hadi Mlolongo, kilomita 27, na iliyofunguliwa mwaka 2022. Tulilipa, tukapaa. Ni mwendo mtamu, siukatai. Kwa dakika chache jiji zima lilikuwa chini yetu kama mabati tu. Mgeni wangu alikuwa amegeuza shingo kushoto akijaribu kutambua ni wapi tulipotembea jana yake. Kuta za barabara ni ndefu, na vibao vya huko juu havina Shauri Moyo.

Tulipofika alitoa kile kijitabu, akakiweka juu ya paja, na kwa kalamu akaanza kuandika majina juu ya lile tangazo la magari, akiniuliza kila mtaa ukae upande gani wa mwingine: Muthurwa hapa, Majengo juu yake, Kaloleni chini, Mbotela, Maringo. Alipofika ukingoni alisita.

"Kariokor tuiandikeje?"

"Unaitamkaje?"

Akaikata ile iliyochapishwa, akaandika Kariakoo.